Kulabu Moja kwa Bembea Zote

Serrinha Nova, Petrolina
Jumapili, baada ya misa

Kwako mdogo wangu Edvânio,

"Andiko lisilo na kosa leo, na ambalo juzi lilikosea, limeguswa na mkono wa mtu." Maneno hayo yamebandikwa kwenye ubao wa ushirika wetu, chini yake kuna sahihi ya Dokta Heráclito, mkuu wa ufundi, na watu wanasimama kuyasoma kwa sauti ya chini kama wanaosoma tangazo la msiba. Si kweli. Simwiti Dokta mwongo. Nasema sentensi yake si ya kweli, na nimeandika barua hii ili nikuonyeshe ilikozaliwa.

Mama yuko hapa jikoni, anapepeta unga wa kuskusi, na ameniambia kwamba hakumzaa mtoto wa kuanza barua kwa ugomvi. Basi nirudi nyuma. Hujambo, mdogo wangu? Baridi ya Curitiba inakutendeaje, na kile kifua chako? Mkeo Lígia hajambo? Mama anauliza kama unakula au unashiba kahawa tu. Sisi huku tuzima. Magoti ya mama yanamsumbua asubuhi, mchana anayasahau. Mvua ilipita mara moja ikatudanganya, ikaenda zake. Miumbu imezaa sana yale matunda yake machachu, na mama amekuwekea chupa za maji ya umbu kwenye friji, ingawa nimemwambia hazitafika Curitiba. Amejibu kwamba si lazima zisafiri zenyewe, wewe unaweza kuzifuata.

Nimekuandikia kwa kalamu kwa sababu ujumbe wa simu unaujibu kwa kidole gumba kilichosimama kisha unaufuta. Karatasi hutaweza kuijibu kwa kidole.

Sasa habari yenyewe. Mzee Abdias, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, amepoteza mizabibu yake ya upande wa chini. Zabibu zilikuwa zimeanza kulainika, wanunuzi walikwisha kuja kuzionja, ndipo majani yakaanza kukauka kingoni, kahawia, kana kwamba mtu amepita nayo karibu na moto. Mafundi walipopima udongo walikuta chumvi ya mbolea imejaa. Mzee alikuwa amepewa mbolea ya maji kwa wingi ambao mzabibu hauwezi kuubeba, na hakupewa siku moja tu. Alipewa kila zamu.

Anayetunza nyumba ya pampu ni komadre wako Jucileide, mama wa Maísa, mtoto uliyemsimamia ubatizo. Andiko linaloamua mbolea ya mizabibu ya Mzee Abdias ni lake. Kwa hiyo macho yote yalimgeukia.

Hapa itanibidi nieleze mambo unayoyajua kuliko mimi, kwa kuwa mama ananiamuru nimsomee kila aya na hataki kupitwa. Mama, programu inayofungua na kufunga maji katika mashamba yetu yote aliijenga Edvânio kabla hajahamia kusini. Angeweza kuijenga ikiwa imefungwa kabisa, kila kitu kimeamuliwa na yeye. Hakufanya hivyo. Alipachika ndani yake mkalimani wa ile lugha ndogo ya kompyuta iliyozaliwa Rio, ili fundi wa hapahapa asiyejua kujenga programu aweze kuandika mistari michache: shamba hili, wakati huu, mbolea kiasi hiki. Mkalimani anaisoma, programu inatii. Mistari hiyo ndiyo tunayoiita andiko. Jucileide anayo ya zabibu. Valdenor, yule bwana shamba mpya, ameandika ya maembe.

Mama amesema ameelewa, niendelee.

Dokta Heráclito alifanya uchunguzi, na kwa haki yake niseme aliufanya kwa bidii. Aliyatoa maandiko yote kwenye programu, akayarudisha moja baada ya jingine, kila moja likiwa peke yake. La Jucileide lilitoa kiasi sawasawa kinachotakiwa na mzabibu. La Valdenor lilitoa kiasi sawasawa cha mwembe. Hakukuwa na kosa popote. Mtu mwingine angesema kwamba basi kosa haliko kwenye maandiko, twende tukatafute kwingine. Dokta alisema kwamba ikiwa andiko la Jucileide ni safi leo, basi alilisafisha baada ya ajali, kwa siri, ili ajifiche.

Tazama ubaya wa hoja hiyo, Edvânio. Mwanamke huyu angekutwa na kosa, angeadhibiwa kwa kosa. Amekutwa hana kosa, anaadhibiwa kwa udanganyifu. Hakuna jibu ambalo angelitoa likamwokoa. Alisema mbele ya kamati kwamba hakuligusa andiko lake tangu siku alipoliweka. Wakamwuliza nani anashuhudia. Akasema: nishuhudiwe na nani, nami nafanya kazi peke yangu na pampu?

Kura ilipangwa ipigwe jana Jumamosi: anyang'anywe funguo za nyumba ya pampu na aondolewe kwenye orodha ya mafundi. Unajua maana yake hapa kwetu. Hakuna ushirika wa mfereji huu utakaompa kazi mtu aliyefukuzwa kwa uongo. Tayari Mzee Abdias alikuwa amebadili njia. Zamani alipitia mbele ya nyumba ya Jucileide na baiskeli yake, wakitaniana, yeye akimwita binti wa pampu na Jucileide akimwita kijana wa zabibu. Sasa alizunguka kwa daraja la juu ili wasikutane. Mzee wa umri ule, kwenye jua lile.

Mimi sikuweza kulala na hoja ya namna hiyo. Nilimwomba Jucileide nakala ya programu na ya maandiko yote, nikaipeleka shuleni, kwenye chumba changu cha kompyuta. Mahali pa vali za maji nikafunga taa, taa moja kwa kila shamba. Nikaweka andiko la Jucileide peke yake. Taa ya zabibu ikawaka kidogo, ikazimika, kama inavyotakiwa. La Valdenor peke yake, taa ya maembe ikawaka muda mrefu, kama inavyotakiwa. Hadi hapo nilikuwa nimerudia kazi ya Dokta tu.

Kisha nikayaweka yote mawili pamoja, la Jucileide kwanza, la Valdenor baadaye, kwa sababu hivyo ndivyo yalivyofika kwenye nyumba ya pampu. Taa ya zabibu ikawaka. Ikaendelea kuwaka. Ikawaka muda uleule wa maembe. Nilisimama pale nikiitazama, na wanafunzi wangu wakasogea kuitazama pamoja nami.

Nikayageuza, la Valdenor kwanza. Sasa zabibu zikapata haki yao na maembe yakakaukiwa.

Nikafungua maandiko yenyewe. Jucileide ameandika: dozi ni kiasi hiki. Valdenor ameandika: dozi ni kiasi hiki. Jina ni lilelile, dozi, na wote wawili walilichukua kwenye karatasi yako ya mafunzo, kwa sababu mafundi wote wa mfereji huu walijifunza kwa karatasi yako, na wote wanaanza andiko kama ulivyoanza wewe. Hakuna aliyekosea. Jucileide anapoweka dozi yake, mkalimani anaiandika kwenye jedwali moja la majina lililo la wote. Valdenor anapokuja na yake, mkalimani haulizi wala halalamiki, anaifuta ya kwanza na kuandika ya pili. Halafu zamu ya zabibu inafika, andiko la zabibu linauliza dozi ni kiasi gani, nalo linajibiwa kwa kiasi cha mwembe.

Mama ameuliza kwa nini wasitofautishe tu majina. Valdenor pia alisema hivyo, kwamba tuwaambie mafundi wachague majina marefu, kila mtu lake. Nilimjibu kama ninavyomjibu mama. Katika mtaa huu kuna akina Zefa wangapi? Kuna Zefa wa Mzee Abdias, Zefa wa duka la mkate, Zefa wa Mwalimu Onofre. Hakuna aliyeambiwa abadili jina lake. Kila Zefa ana nyumba, na nyumba ndiyo inayomtofautisha. Kumwambia fundi atafute jina ambalo hakuna mwingine duniani atalitumia, huku hajui wengine wameandika nini, ni kumtwisha mgeni kazi ya mjenzi. Mjenzi ndiye aliyepaswa kumpa kila mmoja nyumba yake ya majina.

Nilijua kwamba mkutanoni maneno haya hayatafaa. Watu wamechoka kusikia kompyuta. Kwa hiyo jana nilikwenda ukumbini na bembea mbili za kulalia, ile ya bluu ya baba na yangu yenye mistari, na kulabu za ukutani za pale ukumbini nikaziziba zote kwa matambara isipokuwa pea moja. Nilipoingia na mzigo ule, Seu Tarcísio wa mlangoni aliwaambia watu kwamba leo hotuba itakuwa ndefu, Mwalimu Iracilda ametuletea mpaka mahali pa kulala. Wakacheka. Nikawaacha wacheke.

Nilimwomba Mzee Abdias atundike bembea ya bluu. Akatundika, akaketi ndani, akajinyoosha kidogo kwa maonyesho, watu wakampigia makofi. Nikamwomba ainuke akanywe maji. Alipokuwa mlangoni nikamwambia Valdenor atundike yangu. Valdenor akatafuta kulabu nyingine, hakuna. Akaniuliza afanyeje. Nikamwambia afanye anavyofanya mkalimani. Akaishusha ya Mzee, akaikunja vizuri pembeni, akatundika ya pili. Mzee Abdias akarudi, akakaa bila kutazama, kisha akapapasa kitambaa akasema hii si yangu, hii imeninginia chini mno, nani amenishusha? Ukumbi mzima ulicheka, na yeye pia akacheka. Akatazama bembea ya bluu iliyokunjwa. Akamtazama Jucileide aliyekuwa ameketi mstari wa nyuma na mkoba mapajani.

Niliwaambia: Dokta aliwaita walalaji mmoja mmoja, kila mmoja peke yake ukumbini, na kila mmoja akalala vizuri. Kisha akamwambia huyu dada kwamba amemdanganya. Kisha nikawasha taa zangu, wakaona kwa macho yao zabibu zikinyweshwa kipimo cha maembe.

Dokta Heráclito alisimama. Nilijiandaa kwa vita, unanijua. Hakupigana. Alikuwa amepauka. Alisema kwamba yeye si mtu wa programu, na kwamba kabla ya kubandika yale maneno alimpigia simu mjenzi mwenyewe, akamwuliza kama andiko la shamba moja linaweza kuharibu la shamba jingine. Mjenzi akamhakikishia kwamba haiwezekani, kila andiko lina chumba chake.

Ndipo Mzee Abdias, bado ameketi ndani ya bembea yangu, akauliza swali ambalo nilikuwa nimeomba lisiulizwe. Alisema: nyumba ya watu wote hawa, nani aliijenga ikiwa na kulabu moja?

Wote walijua. Walinitazama mimi, kwa heshima, wakinisubiri niamue kama nitasema au nitaacha ipite. Ningeweza kusema ni mambo ya kompyuta. Ningeweza kusema ni bahati mbaya. Mimi ambaye nimekaa miaka nikiwapigia kelele wenye vyeo kwamba wanaficha watu wao.

Nikasema: ndugu yangu, Edvânio.

Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nimekutaja mbele ya ushirika wote, mbele ya picha ya baba iliyo ukutani pale kati ya waanzilishi, na nimekutaja kabla ya kukuuliza. Sitakuomba radhi. Lakini sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Usidhani Jucileide alifurahi. Alisimama akaniambia, tena mbele za watu: nani alikutuma kumtaja kompadre? Kisha akatoka. Leo asubuhi alikuja hapa na jibini ya mbuzi kwa ajili ya mama, akakaa hapo unapokaa wewe, akaniambia kwamba tangu wiki ya kwanza alihisi kosa liko kwenye programu yenyewe, maana andiko lake alilijua. Hakusema. Alisema wewe ndiye uliyemfundisha kazi hii wakati mume wake amemwacha na mtoto mchanga, ulikaa naye kwenye nyumba ya pampu ukimrudia mistari bila kuchoka, na kwamba asingeweza kuinunua kazi kwa jina lako. Mama alilia. Mimi nilikasirika, kwa sababu sijui kufanya jambo jingine.

Sasa nikuambie ninavyokuelewa, kisha nikuambie unakokosea. Najua kwa nini kwenye karatasi yako ya mafunzo hakuna lile neno dogo la kutangulia, linalosema jina hili ni la andiko hili tu, lisitoke nje. Nilikuwepo. Nilikuona ukilifuta. Ulisema watu wa mfereji wataogopa wakiona maneno mengi ya kigeni, kwamba kila neno unalolipunguza ni fundi mmoja zaidi atakayethubutu. Ulikuwa na huruma, na huruma yako ilitupatia mafundi. Lakini watu hawa wanajua kubandika kichipukizi cha mzabibu juu ya shina la mwingine na kikashika. Wangelimudu neno moja zaidi. Na hata wangelisahau, wewe ndiye uliyempachika mkalimani ndani ya programu. Kila andiko linaingilia kwenye mlango wako.

Na kuhusu chumba. Naamini hukumdanganya Dokta. Nadhani uliona kila andiko lina faili lake, ukaita faili chumba. Faili si chumba, Edvânio. Faili ni mlango tu. Watu wanaingia kwa milango tofauti, wakishaingia wote wako sebuleni, na sebuleni kuna kulabu moja. Wewe kuliko watu wote unapaswa kulijua hilo. Umesahau sikukuu za São João kwa bibi? Binamu walikuja kutoka Juazeiro, kulabu hazikutosha, na aliyefika mwisho alishusha bembea ya aliyelala mapema. Ulikuwa mdogo kuliko wote, ulilala mapema kila mara, na kila asubuhi tulikukuta sakafuni umejikunja na hujui nani alikushusha. Jucileide amelala sakafuni mwezi mzima kwa namna hiyohiyo, naye alijua ni nani, akanyamaza.

Dawa ni ndogo. Nimeijaribu kwa taa zangu, na kwa sehemu niliyoweza kuifikia imefanya kazi. Programu inapompa mkalimani andiko, impe pia jedwali la majina jipya, la andiko hilo peke yake. Kila jina litakaloundwa likae humo. Vitu vya wote, saa, mvua, kufungua na kufunga vali, viachwe kwenye jedwali la pamoja, na kila andiko lipewe dirisha la kuvitazama na kuviita, si mkono wa kuvifuta. Na mtu akitaka kutumia kitu cha shamba jingine, akiite kwa nyumba yake: dozi ya zabibu za Abdias, dozi ya maembe ya Valdenor. Lakini moyo wa programu umeufunga, ufunguo unao wewe peke yako, na ushirika hautagusa kitu mpaka mjenzi aseme kwa kinywa chake. Kura imesogezwa hadi Jumamosi ijayo, ndiyo maana barua hii naituma kwa posta ya haraka. Wapo ambao bado wanasema taa zangu ni mazingaombwe ya mwalimu anayependa kugombana. Neno langu peke yangu halitamrudishia Jucileide jina lake, maana kila mtu anajua nitamtetea hata paka.

Nisalimie Lígia sana. Mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona, na kimenipendeza kuliko nilivyostahili. Mzee Abdias pia anakusalimu. Jana jioni alipita na baiskeli mbele ya nyumba ya Jucileide. Hakusimama, lakini alipiga kengele. Mama anakubariki, na amesema nikuandikie kwamba amemwita fundi, wamepigilia pea mpya ya kulabu barazani, upande wenye upepo, na hakuna ruhusa kwa mtu mwingine kutundika pale.

Basi, Edvânio, nakudai haya. Jumamosi asubuhi mkutano ukianza, utaonekana kwenye skrini ya ukumbi, umechana nywele. Utamwambia Dokta Heráclito kwamba ulimjibu bila kutazama. Utamwambia Mzee Abdias kilichoua mizabibu yake. Utamtaja komadre wako kwa jina lake lote, Jucileide Batista de Amorim, na utasema hakuligusa andiko lake, kwa sauti itakayomfikia mstari wa nyuma. Kisha utafungua ule moyo wa programu na kumpa kila mtu chumba ulichosema anacho.

Dada yako,
Iracilda